Je, Chakula Kina Kwao?

Rameni ni supu ya Kijapani inayoliwa pamoja na tambi za ngano, na katika majiji mengi ya dunia imekuwa chakula cha kuuliziwa njia. Anayeuliza inapatikana wapi hutajiwa mtaa na jina la mgahawa, na mambo yakaisha. Anayeuliza rameni ya kweli inaliwa wapi ameuliza jambo jingine kabisa. Neno hilo moja, ‘kweli’, linadai kwamba chakula kina kwao, kwamba kikitoka kwao kinaweza kupotea, na kwamba yuko mtu mwenye haki ya kusema kimepotea. Wanafalsafa wameligeuza swali hili kwa karne nyingi: kitu kinabaki kuwa kilekile kwa sababu gani, na hadi lini? Watu wa Rubafu wanalijua bila kulipa jina, maana wengi wao wana ndugu Dar es Salaam, Mwanza au Kampala, na si rahisi kumpata ndugu wa namna hiyo ambaye hajawahi kuulizia ndizi.

Rubafu ni kata ya Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera, katika eneo la Bugabo, kaskazini mwa mji wa Bukoba na kando ya Ziwa Victoria. Chakula kikuu huko, kama kwingineko Bukoba na Muleba, ni ndizi za kupika, na ndizi hutoka kibanjani. Kibanja si shamba kwa maana ya kawaida. Nyumba imo ndani yake, mibuni imepandwa kati ya migomba, maharage yamechomekwa palipobaki nafasi, na makaburi ya waliotangulia yako humohumo, hatua chache kutoka jikoni. Nje ya vibanja ni rweya, uwanda wa nyasi wenye udongo hafifu uliochujwa na mvua. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wa kibanja nao ulianza ukiwa hafifu hivyohivyo. Umekuwa mweusi kwa sababu vizazi vya watu vilikata nyasi rweya na kuzitandika chini ya migomba, vikamwaga samadi, maganda na majivu ya jikoni, mwaka nenda mwaka rudi. Mtu wa Rubafu anaposema ndizi za kwao ni tamu kwa sababu ya udongo anasema kweli, ila udongo huo haukukutwa pale. Ulitengenezwa.

Upishi wenyewe hauna mambo mengi. Ndizi humenywa kwa kisu zikiwa mbichi, na utomvu wake hunata vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni ya siku moja. Maharage huwa yameshachemshwa. Ndizi nzima hupangwa juu yake, maji na chumvi vikafuata, kitunguu kama kipo, kisha chungu au sufuria hufunikwa kwa majani ya mgomba yaliyolainishwa kwa moto na kusokomezwa pembeni pote. Jani hilo huzuia mvuke na pia hutia harufu. Ndizi zikiiva hugeuka manjano iliyokolea, zikawa laini lakini zikashikana, na mlaji humega kwa mkono bila kuhitaji kisu wala uma.

Jijini Dar es Salaam ndizi hizi huitwa ndizi Bukoba. Katika soko la ndizi la Mabibo, ambalo wenyeji huliita Mahakama ya Ndizi, muuzaji huzitenga na mshale, mzuzu, malindi na mkono wa tembo. Kama zimetoka Kagera kwenyewe, basi zimesafiri zaidi ya kilomita 1,300 ndani ya lori, na baadhi hufika zimeanza kuwa laini, jambo ambalo kwa mpishi wa Kihaya, yaani wa kabila la wenyeji wa Bukoba na Muleba, ni kasoro kubwa kuliko kuchubuka. Jani la mgomba ni adimu mjini. Kwa miaka mingi mfuko wa nailoni ulishika nafasi yake juu ya sufuria, mpaka katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 likaupunguza. Sasa mara nyingi mfuniko wa chuma umebaki peke yake. Anayekula huonja, hunyamaza kidogo, kisha husema ni nzuri lakini si kama za nyumbani. Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa kuliko inavyochunguzwa kwa kawaida, kwa kuwa haielezi kilichopungua ni kipi.

Jibu la kwanza linalokuja ni la asili: chakula ni cha mahali mbegu yake ilipotoka. Ndilo jibu linalopendwa zaidi na ndilo dhaifu zaidi. Mgomba ulitoka Kusini-Mashariki mwa Asia na visiwa vya Guinea Mpya. Ulifika Afrika katika nyakati za kale, na katika nyanda za Maziwa Makuu ukazaa aina nyingi ambazo hazipatikani kwingine. Enshakala na entobe za Wahaya zimo katika kundi hilo. Maharage yalitoka Amerika. Mbegu ngeni mbili, basi, moja ya mashariki na moja ya magharibi, zilikutana katika chungu kimoja kando ya Ziwa Victoria, na leo hakuna Mhaya anayeziona kuwa ngeni. Kahawa ya robusta ndiyo yenye udugu wa damu na misitu ya eneo hili. Hata kibanjani kwenyewe mambo hayakutulia. Wadudu na minyoo ya mizizi walipoidhoofisha migomba, katika miaka ya 1990 mradi wa maendeleo ya jamii mkoani Kagera ulileta aina chotara za FHIA zilizozalishwa Honduras. Zilizaa mikungu mikubwa, na ubishi ukaanza: je, hizi zikipikwa na maharage ni chakula chetu au ni ndizi tu? Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ukaonekana Muleba, na migomba mingi ikang'olewa. Aliyebaki nyumbani naye akajikuta anatafuta ladha ya nyumbani.

Rameni ina historia ya namna hiyohiyo, na haina hata muda mrefu. Tambi za supu za Kichina ziliingia Japani pamoja na Wachina walioishi katika miji ya bandari kama Yokohama mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1910 mgahawa wa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, Tokyo, na mwenyewe akawachukua wapishi wa Kichina kutoka Yokohama. Kwa miongo kadhaa Wajapani walikiita chakula hicho tambi za Kichina. Baada ya Vita Kuu ya Pili unga wa ngano wa Marekani ulijaa Japani na vibanda vya tambi vikaongezeka. Mwaka 1958 Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, akabuni tambi za kukaanga zinazoiva kwa maji ya moto tu, na kizazi cha tambi hizo ndicho kimejaa kwenye maduka ya rejareja ya Afrika Mashariki, chakula cha mwanafunzi wa bweni na cha baba aliyeachwa na watoto jioni. Ufundi wa China, unga wa Marekani, mbunifu wa Taiwan. Anayeitafuta rameni halisi kwa kufuata asili ya vitu vyake ataishia kutokula.

Lipo jambo moja dogo ambalo huziba umbali kati ya rameni na jikoni la Kagera, nalo ni magadi. Tambi za rameni hutofautiana na tambi nyingine kwa sababu unga wake hukandwa kwa maji yenye chumvi za magadi, ambayo Wajapani huyaita kansui. Magadi hukaza utando wa ngano, hutia rangi ya manjano na kuzipa tambi ule mvutano unaozifanya zirudi nyuma zikiumwa. Mpishi wa Afrika Mashariki anayetia magadi kidogo kwenye maharage magumu yaive upesi, au kwenye mboga za majani zibaki kijani, ana mkononi kemikali ya jamii ileile akiifanyia kazi nyingine. Kwa hiyo tambi za rameni zinaweza kukandwa Bukoba bila kuagiza chochote kutoka Japani, isipokuwa ujuzi.

Ujuzi ndio jibu la pili. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, aliandika juu ya merikebu ya Theseus iliyobadilishwa mbao zilizooza moja baada ya nyingine, wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Mvuvi wa Ziwa Victoria angeshangaa kusikia huo ni ubishi. Mtumbwi wake hubadilishwa mbao hivyohivyo, na ni uleule mradi unaundwa kwa namna ileile na kufanya kazi ileile. Kwa hoja hii chakula ni namna ya kupika. Malighafi huja na kwenda, lakini mkono unaojua lini ndizi zipakuliwe, na kiasi gani cha maji kibaki chini, hubeba chakula popote uendapo. Rameni ya Nairobi au Kampala itakuwa rameni ikiwa mifupa imechemshwa saa nyingi na tambi zimekandwa sawasawa, hata kama kuku ni wa soko la karibu.

Hoja hii ina nguvu, na mtu aliyeifikisha mbali kuliko wengine ni mtawa wa Kijapani. Dogen, mwanzilishi wa madhehebu ya Soto ya dini ya Buddha nchini Japani, alisafiri kwenda China mwaka 1223. Meli yake ilipokuwa imetia nanga bandarini, alipanda mzee wa miaka kama 60, mpishi wa monasteri ya mlima Ayuwang, aliyetembea njia ndefu kuja kununua uyoga wa Kijapani. Kesho yake ilikuwa sikukuu, na mzee alitaka kuwapikia watawa wenzake supu ya tambi. Dogen, kijana mwenye hamu ya mazungumzo, alimsihi alale melini: monasteri kubwa kama ile haikosi mtu mwingine wa kupika. Mzee akakataa. Dogen akamuuliza kwa nini, kwa umri wake, asijikalie kutafakari na kusoma badala ya kuhangaika na kazi za jikoni. Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajafahamu utawa ni nini, akaondoka kabla giza halijaingia. Mwaka 1237 Dogen aliandika waraka wa maelekezo kwa mpishi wa monasteri, Tenzo Kyokun, na kisa hicho kimo ndani yake.

Kisa hiki kimefasiriwa mara nyingi kuwa fundisho juu ya unyenyekevu wa kazi ndogo, tafsiri iliyo sahihi lakini nyembamba. Kinachopita machoni pa wengi ni kwamba karibu miaka 800 iliyopita Mchina alikuwa akitafuta kitu cha Japani bandarini kwake ili supu yake ya tambi ikamilike. Ugeni wa uyoga haukumsumbua hata kidogo. Kilichomfanya asilale melini ni watu wa monasterini ambao wangekula kesho. Dogen katika waraka huo anataka mpishi awe na mioyo mitatu: wa furaha, wa mzazi, na mpana usiobagua. Moyo wa mzazi ndio unaohusika hapa. Kwa mujibu wake ustadi hauwi kamili mpaka uwe na mtu unayemlenga, na supu iliyopikwa kwa ufundi wote bila kujua atakayeinywa ina upungufu ambao ulimi hautauona mara moja. Mama lishe wa Dar es Salaam anayemtambua mteja wake wa Kihaya kwa jinsi anavyogeuza ndizi sahanini, akampunguzia mafuta bila kuambiwa, ameshika upande mmoja wa fundisho hilo.

Hata hivyo ufundi na upendo havitoshi, kwa kuwa chakula kina pia sheria, na hapa ndipo dini inapoingia kwa miguu yote miwili. Ukoo wa Kihaya una muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho wanaukoo hawakili. Wahinda, ukoo wa watawala wa kale, muziro wao ni tumbili. Kwa jirani, Buganda, upo ukoo mzima unaoitwa kwa jina la senene, wadudu wa kuliwa, na watu wake hawali senene. Muziro hausemi chochote juu ya mahali. Aliyezaliwa nao huondoka nao Rubafu, hufika nao Muscat au Minneapolis, na haupungui nguvu njiani kama ndizi zinavyopungua ubora. Huu ni ukweli wa ajabu kidogo: kile mtu anachokula hubadilika na safari, na kile asichokula husafiri kikiwa kizima.

Mwislamu anayeingia mgahawa wa rameni yuko katika hali hiyo. Supu maarufu kuliko zote, tonkotsu, huchemshwa kutokana na mifupa ya nguruwe mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa, na Qurani imeharamisha nguruwe bayana. Supu ya kuku inaweza kuwa halali, lakini hapo huanza maswali mengine: kuku alichinjwa vipi, nyama ya juu imelowekwa kwenye mirin ambayo ni kileo, na mchuzi wa soya ambao hutoa alkoholi kidogo wenyewe unapochachuka una hukumu gani? Mafakihi wameijadili kwa muda mrefu kanuni ya istihala, ya kitu kugeuka kuwa kingine na hukumu yake kugeuka nacho, kama mvinyo ukiwa siki, na si wote wanaoipa upana uleule. Kinachofaa kuangaliwa ni aina ya swali. Sheria haiulizi kama supu hiyo ni ya Kijapani kweli. Inauliza ilivyopikwa na ilivyo sasa. Kwa mwenye sheria, uhalali huja kwanza na uhalisi baadaye, na rameni ya kuku iliyopikwa kihalali ni chakula kamili, hata mjuzi wa Fukuoka huko Japani akitikisa kichwa.

Mjuzi huyo naye angepaswa kutikisa kichwa kwa uangalifu. Mwaka 675 Mfalme Tenmu wa Japani alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, kwa kufuata mafundisho ya Buddha, na ingawa katazo hilo lilikuwa na mianya, kwa zaidi ya miaka elfu moja nyama ilitazamwa na Wajapani wengi kwa aibu. Mwaka 1872 habari zilitangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, na mlango ukafunguka. Supu ya mifupa ya nguruwe, ambayo leo husifiwa kuwa kilele cha upishi wa Kijapani, ilianzia Kurume mwaka 1937. Chakula hicho kimejengwa juu ya mwiko uliovunjwa.

Senene nao wamepita njia hiyo. Hawa ni wadudu wa jamii ya panzi, Ruspolia differens kwa jina la kisayansi, wanaoruka kwa makundi nyakati za mvua, hasa Novemba na Desemba, na tena kwa uchache Aprili na Mei. Katika Bukoba na Muleba mitego huwekwa usiku: taa kali, mabati yaliyosimamishwa yakiakisi mwanga, na mapipa chini yake ambamo senene huteleza wasiweze kutoka. Asubuhi familia hukaa kuzunguka beseni ikinyofoa mbawa na miguu, kazi inayochosha macho kuliko mikono, kisha senene hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Zamani, Buganda na upande huu wa ziwa pia, wanawake walikamata na kuandaa senene lakini hawakuwala. Waganda walisema atakayekula atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha panzi. Leo wanawake wanakula waziwazi, na hakuna anayedai kwamba senene wanaoliwa na mwanamke si senene wa kweli. Vitabu vya dini viliwasaidia walaji kwa njia isiyotarajiwa. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inaruhusu nzige na panzi, na hadithi ya Mtume inawahesabu nzige pamoja na samaki kuwa ni maiti wawili waliohalalishwa. Mmisionari aliyechukizwa na sahani ya senene alikuwa anabishana na Yohana Mbatizaji.

Kipo chakula kimoja, hata hivyo, ambacho kwacho swali la mahali halijaisha, na kinaliwa Kagera kila Jumapili. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Walileta mkate wa ngano na divai ya zabibu katika nchi isiyolima ngano wala zabibu, na Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 924, bado inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu na divai itokane na tunda la mzabibu. Rubisi, pombe ya ndizi inayokamuliwa kwa nyasi na kuchachushwa kwa unga wa mtama ndani ya mtumbwi wa mti, haiwezi kuwekwa altareni, ingawa ndiyo kinywaji ambacho Wahaya walikaribishia wageni na kuwatolea wahenga. Mwanateolojia wa Kameruni, Jean-Marc Ela, aliuliza ni kwa nini Mwafrika ashiriki karamu ya wokovu kwa vyakula ambavyo jembe lake halijawahi kuvigusa. Jibu la Kanisa ni kwamba Yesu alitumia mkate na divai katika nchi fulani, usiku fulani, na ishara haiko mikononi mwa wanaoipokea.

Ni vigumu kusema upande mmoja hauna hoja. Anayetetea ngano anadai kwamba baadhi ya vyakula vimefungwa na tukio, na kubadili malighafi ni kubadili kumbukumbu. Anayetetea mtama au ndizi anadai kwamba ishara isiyoeleweka tumboni haieleweki moyoni. Lakini hoja ya kwanza ina udhaifu wake wa wazi: ikiwa ngano ni lazima kwa sababu ya mahali na usiku ule, basi ngano yenyewe ilipaswa kuwa ya Uyahudi, na hakuna aliyewahi kulidai hilo. Kanisa limekubali udongo wowote na kukataa mmea mwingine wowote. Kwa kufanya hivyo limeamua, pengine bila kukusudia, kwamba kwao pa chakula si ardhi.

Jibu la tatu, basi, litafutwe mezani, au kwa Rubafu ya zamani, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Mwanaanthropolojia Brad Weiss, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu maisha ya Wahaya, alionyesha jinsi kupika, kugawa na kula kunavyojenga ulimwengu unaokalika: chakula hakikuja baada ya nyumba na ukoo kuwapo, kilikuwa kati ya vitu vilivyovifanya viwepo. Kahawa ya kutafuna, akamwani, ni mfano mwepesi. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni hutolewa punje chache katika kikapu kidogo kabla ya neno lolote zito. Katika udugu wa damu watu wawili waligawana punje mbili za buni moja, kila moja ikiwa imepakwa damu ya mwenzake. Hakuna aliyeonja kahawa hiyo ili kupima ubora wake. Kahawa ileile ikiliwa na mtu peke yake kwenye basi la usiku ni kitu cha kuondoa usingizi.

Kutoka hapa kauli ya mlaji wa Dar es Salaam inaanza kueleweka. Anaposema ndizi si kama za nyumbani, mara nyingine jani ndilo limekosekana, na mara nyingine lori limechelewa, hayo yanarekebishika. Lakini mara nyingi ndizi ni zilezile kabisa, na kilichopungua ni mtu wa kumwambia aongeze. Wajapani walioko ugenini husema jambo linalofanana na hili kuhusu rameni, ingawa rameni, tofauti na ndizi, ilizoea tangu mwanzo kuliwa na mtu mmoja kwenye kaunta, kwa haraka, bila maongezi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo imesafiri vizuri. Chakula ambacho hakikudai ndugu kwao hakiwadai ugenini.

Kwa mkazi wa Rubafu jiji kubwa la kutafutia chakula cha Kijapani halitakuwa Dar es Salaam. Kampala iko karibu zaidi, kama kilomita 300 kutoka Bukoba kwa barabara ya Mutukula na Masaka. Huko Muyenga uko mgahawa wa Yamasen, ambao jengo lake lilibuniwa na wasanifu wa Kijapani na kukamilika mwaka 2018, paa lake likishikiliwa na magogo ya mkaratusi, mti wa Australia uliozoea udongo wa Uganda. Nairobi ina Cheka, mgahawa wa Kijapani wenye jina linalosomeka kwa Kiswahili bila msaada. Mteja anayekwenda huko akiwa na orodha ya masharti ya uhalisi atakuta kazi ngumu. Mwenye maswali mawili, supu imetoka kwenye mfupa gani na tambi zimekandwa lini, atapata majibu ya kweli na chakula cha moto.

Senene husafiri upande mwingine. Msimu ukifika, ndoo za plastiki na vifurushi vya senene waliokaushwa hupakiwa kwenye mabasi ya Dar es Salaam, kila kifurushi na jina la anayepelekewa, na mpokeaji hagawi kwa kila mtu. Maiti nazo husafiri, ila kwa kurudi. Mhaya aliyekula Dar es Salaam kwa miaka 40 husafirishwa usiku na mchana mpaka kibanjani kwao, na kaburi lake huchimbwa palepale penye migomba. Nyasi za rweya hutandikwa tena, mvua hunyesha, na mkungu utakaokatwa karibu na hapo huenda ukaishia Mabibo.